Nguo ya Kwendea kwa Daktari

Watu wa siku hizi wakisikia kwamba niliwahi kugombana na nyumba nzima ya ukweni juu ya nguo ya mume wangu, hucheka. Hudhani ulikuwa ujana, au mwanamke aliyetaka mume wake apendeze mbele za watu. Acha wacheke. Mimi najua tuligombania nini. Tuligombania mtu abaki nyumbani.

Shule yangu ni ndogo. Kusoma na kuandika nilifundishwa na watu wa misheni upande wa Buigiri, nikiwa tayari mjane, nimekaa benchi moja na watoto walionicheka mkono ulivyokuwa mzito. Kwa hiyo atakayeona nimekosea mahali, aniache. Majina ya watu sitayaandika. Siwaogopi. Wengine wamekufa, na waliobaki wana watoto ambao hawakunifanyia kitu. Ila vyeo vyao nitavitaja, maana cheo ndicho kilichowapa nguvu ya kutuumiza: jumbe wetu, mkalimani wa boma, na daktari wa Kidachi, yaani Mjerumani, aliyekuwa Dodoma mwaka ule wa vita. Watu wengine humtia na baba mkwe wangu humo. Mimi simtii.

Mume wangu alikuwa mtu wa vidonda. Sijui niseme vipi zaidi. Reli ilipokuwa inajengwa kuja Dodoma, yeye alikaa kambini akimchotea maji daktari wa reli na kuchemsha vitambaa vya kufungia majeraha. Vijana wenzake waliokwenda kule walirudi na hadithi za gari la moshi. Yeye alirudi na sindano moja iliyopinda, na tabia ya kuosha mikono. Aliosha kabla, aliosha baada, hata katika kiangazi kile ambacho tulikuwa tunachimba mchanga wa korongo kutafuta maji ya kunywa. Wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuwa anamwambia, "Ndugu yangu, unahesabu vidole kila mara kama mtu anayeogopa kuibiwa." Lakini alipojikata na jembe hakwenda kwa mwingine.

Vita vya Wadachi na Waingereza vilipoanza hatukuelewa vilikuwa vya nini. Tulielewa mizigo. Jumbe alikuja na askari wa boma, akaonyesha nyumba kwa fimbo, na kila mwanamume aliyekutwa ndani alifungwa kamba na mwenzake na kupelekwa kubeba. Risasi, unga, masanduku ambayo hatukujua ndani yake mna nini. Waliokwenda mara ya kwanza hatukuwaona tena. Basi wanaume wakaanza kulala porini, nasi tukawapelekea ugali wa uwele tukijifanya tunakwenda kuni. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimeolewa karibuni, na mume wangu nilimwona kama mwizi anavyomwona mwenziwe.

Siku moja jumbe alikuja peke yake. Bila askari. Alikaa uani kwetu, akapewa pombe ya mtama, akainywa polepole na kuisifu, akauliza habari za ng'ombe. Halafu akasema alichojia.

"Daktari wa boma anataka vijana," alimwambia baba mkwe. "Wasaidizi wake amenyang'anywa, wamepelekwa vitani. Anataka wapya wa kufundishwa kazi ya dawa. Watakaa palepale hospitalini, watakula palepale, na watafungwa kitambaa chenye alama mkononi. Mwenye kitambaa hicho askari hamgusi."

"Anataka wa namna gani?" mzee akauliza.

"Atawatazama mwenyewe, awaulize maswali. Nyinyi si mna huyu kijana wenu aliyekaa na daktari wa reli? Mtoeni huko alikojificha, najua alipo." Akacheka, na sisi tukacheka kwa kuogopa. "Ila msiniaibishe. Aje safi, amevaa, amepaka mafuta, ang'ae. Daktari hapendi mtu anayefanana na mbuzi wa kiangazi."

Maneno hayo niliyasikia mwenyewe. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kibuyu mkononi. Nimeyakariri mpaka leo, na nayaandika kama alivyoyasema: aje safi, amepaka mafuta, ang'ae.

Mume wangu aliporudi nyumbani mchana kweupe, wa kwanza baada ya muda mrefu, alikuwa kama mtu aliyelewa. Alisema hiyo ndiyo kazi aliyokuwa anaiota. Alisema daktari akimuuliza jambo moja tu, moja tu la vidonda, atampata. Mimi sikujali vidonda. Nilisikia tu kwamba askari hatamgusa.

Ndipo likaja swali la nguo.

Alikuwa na ngozi yake ya kuvaa begani na shuka moja la kaniki lililoshika wekundu wa ngeu, ule udongo wa kujipaka, mpaka hujui lilikuwa rangi gani. Nywele zake zilikuwa ndefu, zimesukwa na kupakwa ngeu kama walivyokuwa vijana wote wa Ugogo, na masikioni alikuwa na vipande vya mti vya kutanulia ndewe. Kwetu alikuwa kijana aliyependeza. Lakini yeye mwenyewe alisema kule kambini wasaidizi wa daktari walivaa nyeupe, na nyeupe hiyo ilifuliwa kila siku, na daktari alimfukuza mtu kazi kwa doa.

Nikasema basi tutafute nyeupe. Baba mkwe akasema hapana, mwanawe ataenda na kaniki nyeusi.

Kwetu mke wa kijana hajibizani na baba mkwe uso kwa uso. Maneno yangu nilimpa wifi, naye akayapeleka upande wa pili wa moto, hali mzee ameketi palepale na ameyasikia yote.

"Mwambie baba daktari ni mtu wa nyeupe," nilisema.

"Baba, mkwe wako anasema nyeusi yako imechakaa."

"Sikusema hivyo."

"Nimefupisha."

Mzee hakucheka. Alisema, "Mtu anayekwenda kuomba jambo kubwa huenda na cheusi. Tukiomba mvua tunavaa nini? Tunachinja dume la rangi gani? Mvua yenyewe huja nyeusi. Nyeupe ni jua. Hili hili linalotuua hapa. Nimtume mwanangu kwenye mlango wa watu amevaa jua?"

Kwa mtu wa mahali pengine hayo yataonekana maneno ya mzee tu. Kwa sisi wa nchi hii kavu hayakuwa maneno tu. Hata mimi niliyetaka nyeupe niliogopa.

"Mwambie baba huyo Mdachi hajui habari za mvua yetu."

"Baba, anasema Mdachi ni mjinga."

"Hilo amesema kweli," mzee akajibu. "Lakini mimi sitengenezi mambo na Mdachi. Natengeneza na walio juu ya Mdachi."

Tulikwenda hivyo siku nzima na siku iliyofuata. Wifi alichoka, akasema bora aende uchi, daktari atamwona vizuri zaidi. Tulimfukuza kwa mwiko. Alikuwa anatania.

Nyeupe tuliipata kwa mtu wa Kondoa. Alikuwa mchuuzi wa tumbaku na chumvi, Mwislamu, mtu wa maneno mengi, aliyepita kwetu na punda wake mara kwa mara. Msimu uliopita mwiba ulimwingia kisiginoni ukaoza ndani, na mume wangu aliutoa kwa ile sindano iliyopinda, akamwosha na kumfunga mpaka akapona. Mume wangu alipomwomba kanzu ya kuazima, aliitoa kwenye shehena, akaikunjua, akaitazama kama anayeagana nayo.

"Hii ni ya Idi," alisema. "Usikae nayo kwenye moshi. Usile mlenda ukiwa umeivaa. Usikumbatie mtu."

"Sitakumbatia mtu," mume wangu akasema.

"Na ukipata hiyo kazi, mguu wangu wa pili utautibu bure."

"Wa pili una nini?"

"Bado hauna kitu. Lakini sijafika Kondoa."

Kanzu ilikuwa fupi kidogo kwake, maana mchuuzi alikuwa mtu mdogo. Nilishusha pindo. Niliifua kwa kipande cha sabuni nilichopewa na mwanamke wa misheni, nikaianika juu ya paa la tembe, nikakaa chini yake na fimbo kufukuza kuku na watoto.

Nywele zilikuwa kazi nyingine. Yeye mwenyewe alisema daktari wa reli alichukia nywele za ngeu kwa sababu ya chawa. Basi zinyolewe. Nilimnyoa kwa kisu, uani. Wifi alipotoka na kumkuta kichwa chake ni chekundu upande huu na kitupu upande ule, aliacha utani wote. Kwetu mtu mzima hunyolewa akifiwa. Alikaa chini na kusema, "Mnamnyoa mtu ambaye hajafiwa." Mume wangu akamwambia nywele zitaota. Wifi akaokota zile zilizoanguka, akazifunga kwenye jani, akaingia nazo ndani.

Masikio ndiyo yaliyotushinda. Alipotoa vile vipande vya mti, ndewe zilining'inia tupu kama kamba za ndama. Alipovirudisha, chini ya kile kichwa kilichonyolewa na juu ya ile kanzu, alionekana kama watu wawili waliogombania shingo moja. Mwishowe alizikunja ndewe na kuzipandisha juu ya masikio, kama wafanyavyo wanaopita kwenye miiba. Akauliza, "Vipi?" Nikasema, "Unafanana na mtu anayesikiliza sana." Akasema vizuri, daktari atapenda mtu anayesikiliza.

Basi kanzu ilishinda. Lakini mzee alikaa kando, hali chakula vizuri, na mume wangu alimpenda baba yake. Siku ya mwisho kabla ya safari alikwenda mwenyewe akaketi mbele yake, akasema, "Baba, nitavaa vyote." Akaeleza: kiunoni, ndani, nitafunga kipande cha kaniki nyeusi utakachonipa wewe. Mwilini utanipaka samli, kama apakwavyo mtu anayekwenda mbele ya mkubwa. Juu yake nitavaa kanzu. Daktari ataona chake, na wale wengine wataona chao.

Mzee akapasua shuka lake mwenyewe, lile alilovaa wakati wa kuomba mvua. Nilisikia lilivyopasuka. Alimfunga mwanawe kiunoni kwa mikono yake. Asubuhi alimpaka samli kuanzia utosini mpaka nyayo, bila haraka, na samli wakati huo haikuwa kitu cha kuchezea, ng'ombe walikuwa wamekauka. Mimi ndiye niliyekuwa nimsindikize, na ile iliyobaki alinitilia kwenye kibuyu kidogo. Aliniambia moja kwa moja, bila kumpitia wifi, "Vumbi la njiani litamfifisha. Mkikaribia, mpake tena."

Hili nalisema wazi, kwa sababu wako wanawake walionitupia maneno kisimani miaka mingi: tulipokaribia Dodoma, upande unaoitwa Kikuyu, nilimpaka mwenyewe. Kabla hajavaa kanzu niliyokuwa nimeibeba, nilimpangusa vumbi, nikampaka mgongo, mabega, mikono, miguu. Aling'aa kama mtoto aliyetoka kuoshwa. Na kosa hilo silichukui. Ndivyo mtu alivyopelekwa mbele ya wakubwa tangu wazee wa wazee wetu, na ndivyo jumbe alivyotuagiza kwa mdomo wake. Anayetaka kulaumu aende kwa huyo.

Njiani alitaka nimuulize maswali ili ajizoeze. Nikawa mimi daktari.

"Mtu amekatwa na panga. Utafanya nini?"

"Nitaosha mikono."

"Damu inamwagika na wewe unaosha mikono?"

Akafikiri. "Basi kwanza nitakaza kitambaa juu ya jeraha. Halafu mikono."

"Kitambaa umekipata wapi, na mikono ni michafu?"

"Kitambaa kimechemshwa tangu jana."

"Na kuni za kuchemshia?"

"Daktari hataniuliza kuni."

"Huyu daktari ni mke wako. Anauliza kuni."

Alicheka hadi akasimama. Nilimwambia asicheke sana, jasho litaharibu mafuta. Ilikuwa siku nzuri. Sijui kwa nini nisiseme hivyo. Tulitembea wawili barabarani, mchana, bila kujificha, na sikumbuki siku nyingine ya namna hiyo.

Uani bomani tulikuta vijana wengi kuliko tulivyodhani. Jumbe wetu alikuwa amepita kila kijiji, na majumbe wengine nao walikuwa wamepita kwao. Kila mmoja amekuja na kitu chake cha fahari. Shuka jipya jekundu, shanga za shingoni za dada yake, koti la mzungu lisilo na vifungo. Nywele zilizotiwa ngeu mbichi. Na wote wameng'aa. Jua lilipowapiga, uwanja ulimeta. Sisi wanawake tuliambiwa tukae langoni. Nilipata mahali karibu, kiasi cha kusikia mtu akikohoa.

Palikuwa na meza. Daktari alikaa nyuma yake, mtu mwembamba mwenye miwani. Kando yake alikaa Mdachi mwingine mwenye nguo za vita na buti, na huyo hatukuambiwa habari zake. Mkalimani alisimama mbele na fimbo. Alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kilikwenda kama maji, na alituita sisi wote "nyinyi washenzi" bila kukasirika, kama mtu anayetaja kabila.

Hapo nikamwona mtoto wa dada yake jumbe wetu. Nilimfahamu tangu mdogo. Alikuwa kijana mzima kama wengine, mwenye afya. Lakini siku hiyo alikuja na kingozi kikuukuu cha mbuzi, nywele zimetimka, na miguu yake ilikuwa imepauka, myeupe kama ya mtu aliyelala jivuni. Si vumbi la njia. Vumbi letu ni jekundu. Lile lilikuwa jivu. Alikuwa ameinamisha bega moja na anakohoa. Nilimhurumia. Nilijiambia, huyu mjomba wake amewapendezesha watoto wa watu na wake amemsahau.

Mkalimani akasema, "Vueni nguo. Zote. Wekeni chini mbele yenu."

Hawakuelewa, wakatazamana. Akarudia, akapiga fimbo mezani. Basi wakavua. Yale mashuka, lile koti, zile shanga, vyote vikalala chini uwanjani. Mume wangu alivua kanzu ya mtu wa Kondoa, akaikunja vizuri, akatafuta mahali pasipo na vumbi pa kuiweka, na hapakuwa na mahali kama hapo. Akabaki na kile kipande cheusi kiunoni na mafuta ya baba yake.

Walipita mbele ya meza mmoja mmoja. Daktari hakuuliza neno. Alifungua kinywa cha mtu, akatazama meno, akagonga kifua, akaminya bega na paja. Halafu aliongea na yule wa buti, na yule wa buti aliitikia, na mkalimani alisema "kulia" au "kushoto". Mwanzoni sikujua kulia ni wapi na kushoto ni wapi. Nilijua nilipoona askari wamesimama upande wa kulia tu.

Zamu ya mume wangu ilipofika hakungoja. Alisema kwa Kiswahili chake cha kambini, alichokuwa amekifanyia mazoezi njia nzima, "Bwana daktari, mimi nilikuwa kwa daktari wa reli. Najua kuchemsha vitambaa. Najua kufunga kidonda. Najua..."

"Hujaulizwa," mkalimani akasema.

"Mwambie bwana nilikuwa kwa daktari wa reli."

"Nimesema hujaulizwa. Geuka."

Hakumwambia daktari. Nilikuwa langoni na nilimtazama mdomo. Hakulifikisha hata neno moja. Lilikuwa jambo dogo kwake, maneno machache tu ya lugha anayoijua, na kwa maneno hayo machache pengine nisingekuwa ninaandika haya. Kwa hiyo huyo namweka mahali pake.

Mume wangu akageuka. Daktari akambonyeza bega, kidole kikateleza kwenye samli. Alitoa kitambaa mfukoni akajifuta kidole, akasema neno, na yule wa buti akacheka, akasimama mwenyewe kuja kumtazama. Alimzunguka. Alimpiga kofi mgongoni, mahali nilipompaka mimi, kama mtu anavyompiga dume analotaka kulinunua. Mgongo uling'aa, kila msuli ulionekana. Kulia.

Kushoto walikwenda wachache. Mtoto wa dada yake jumbe alipopita mbele, alikohoa, ngozi yake ilikwaruza chini ya kidole cha daktari, na jivu lilianguka. Yule wa buti hata hakunyanyua kichwa. Daktari akatikisa mkono. Kushoto. Kushoto ndiko kulikokuwa na hospitali. Daktari alipewa wale ambao vita havikuwataka, na wote waliokuja wamemeta walikwenda kulia, kwenye mizigo.

Jumbe wetu alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta. Nilimtazama, naye akatazama miguu yake. Hapo nilielewa, mimi mwanamke wa kijijini nisiyejua hata herufi. Alijua. Alijua tangu siku ile anakunywa pombe yetu. Wanaume walikuwa wamejificha porini, askari wamechoka kuwatafuta, basi alitutuma sisi tuwatoe, tuwaogeshe, tuwapake mafuta na tuwalete kwa miguu yao. Na wa kwake akamwambia ajipake jivu.

Waliwafunga kamba palepale. Wanawake tukapiga kelele langoni, askari wakatusukuma. Nguo zilibaki chini, na mkalimani akasema wanawake waje wachukue nguo za watu wao. Niliingia. Niliokota kanzu. Mume wangu alikuwa karibu, amefungwa na kijana wa kijiji cha pili.

"Irudishe kwa mwenyewe," alisema. "Ifue kwanza."

Nikamwambia nitaifua.

"Hawakuniuliza," alisema. Alikuwa bado anashangaa. Hakuwa na hofu usoni, alikuwa na mshangao tu, kama mtu aliyefika kwenye nyumba akakuta imehamishwa. "Hata moja hawakuniuliza."

Wakawatoa kwa mlango wa nyuma, upande wa Kondoa.

Nyumbani mzee aliniuliza mwenyewe, tena bila kumpitia wifi. "Walimuuliza nini?" Nikamjibu uso kwa uso kwamba hawakumuuliza kitu. Akauliza kama kitambaa cheusi kilikuwa bado kiunoni. Nikasema kilikuwa bado. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani, na nadhani hakutoka tena, ingawa mwili wake ulikuwa unatoka kila siku kuota jua. Alikufa katika njaa iliyokuja baada ya jeshi kula ng'ombe na nafaka. Wifi naye alikufa humo, na mtoto wake. Mimi nilibaki. Msiniulize kwa nini ni mimi.

Habari za mume wangu zililetwa na yule kijana aliyefungwa naye. Alirudi mifupa mitupu. Alisema mara ya mwisho alimwona huko mbele ya Kilosa, amekaa kando ya njia na homa, na mzigo wake amepewa mwingine. Aliwaambia watangulie. Walitangulia.

Wadachi waliondoka, Waingereza wakaja, na jumbe wetu akabaki jumbe. Akafa kitandani kwake, mtu mzima ameshiba. Mkalimani aliwakalimania Waingereza. Daktari sijui.

Mwaka juzi nilitokewa na kidonda mguuni kisichopona. Nilivumilia, kikanuka, nikaenda hospitali. Aliyekuwa zamu ya vidonda alikuwa mtu mzima mwenye koti jeupe na mvi za pembeni. Watu walimwita bwana mganga. Nilimfahamu kabla hajanyanyua kichwa. Alikuwa mtoto wa dada yake jumbe.

"Karibu, mama. Weka mguu hapa," alisema. Aliosha mikono. Aliniuliza kidonda kilianzaje, nikamweleza. Aliuliza nilitokea wapi, nikamtajia kijiji chetu.

"Basi sisi ni wa nyumbani," akasema, akatabasamu.

"Ni wa nyumbani. Siku ile ya bomani, wakati wa Mdachi, nilikuwa langoni."

Mikono yake haikusimama. Alikuwa anatoa usaha.

"Nani alikwambia uje umejipaka jivu?" nikamuuliza.

Akasema, taratibu, bila kunitazama, "Mjomba. Alisema nisioge. Alisema nikohoe."

"Alikwambia kwa nini?"

"Alisema nisimwambie mtu." Akachukua kitambaa kipya. "Nilikuwa kijana, mama. Nilifanya nilivyoambiwa."

"Na sisi tulifanya tulivyoambiwa."

Akauliza mume wangu alikuwa nani. Nikamweleza: mwenye kanzu nyeupe, kichwa kimenyolewa, ndewe amezikunja juu. Alifikiri kweli, niliona anatafuta. Akatikisa kichwa. "Walikuwa wengi," alisema. "Wote walikuwa wameng'aa."

Alinifunga mguu. Nilimtazama sana mikono, nikitafuta kosa la kumsema. Alianzia chini ya kidonda, akapandisha, akakaza kiasi, akafunga fundo pembeni lisiumize. Hakukuwa na kosa. Alikuwa amefundishwa vizuri, miaka yote hiyo, kwa nafasi ile aliyoipata bomani.

"Urudi kesho kutwa, nibadilishe," alisema.

Nilirudi kesho kutwa. Niliendelea kurudi mpaka kidonda kilipofunga, na kila mara nilikaa kwenye benchi lake na kumpa mguu, kwa sababu hapakuwa na mwingine pale anayejua kazi hiyo.